Bunduki ya Pilipili na Shamba la Mpakani

Bunduki ya pilipili ya kijiji cha Issenye iliugua magonjwa matatu kwa mkupuo, na yote matatu iliambukizwa na watu walioipenda. Mmoja wao alikuwa Arafa binti Shaaban, fundi wa mabomba ya kupulizia dawa na baiskeli pale senta. Huyu ni mwanamke ambaye kabla hujamwambia kuwa kazi yake ina kasoro, ni vizuri uwe umeshaangalia pa kukimbilia.

Tuijue kwanza bunduki yenyewe, maana mtu akisikia bunduki anafikiria polisi. Hii haiui. Ni ile ambayo watu wa nchi nyingine huchezea, wakipigana kwa vidonge vya rangi na kucheka. Huku rangi imetolewa, yakawekwa mafuta ya pilipili kali. Nyuma umefungwa mtungi mdogo wa hewa, juu kimekaa kibuyu cha plastiki kinachobeba vidonge, na ukivuta triga, hewa inakisukuma kidonge kimoja kupitia mtutu. Kikimpata tembo hakimjeruhi. Kinapasuka, harufu inapanda, na tembo, ambaye hana mali kubwa kuliko pua yake, anaona heri akalale na njaa.

Na tembo wa upande ule wa hifadhi wanajua mahindi yanakomaa lini kuliko bwana shamba. Shamba la Arafa lilikuwa la mwisho kabisa, ukitoka hapo ni pori. Mwaka juzi walilila lote. Mwaka jana walilila lote, kisha wakang'oa na mpapai, kana kwamba walitaka kitu cha kutafuna njiani. Misimu miwili mfululizo Arafa alisonga ugali wa unga wa dukani, yeye anayeshika jembe kabla ya jua, na kila alipofungua mfuko wa unga ule moyo ulimwuma. Sasa ulikuwa msimu wa tatu. Mahindi yalikuwa yamebeba, ndevu zimeanza kukauka, na Arafa alikuwa ameshatangaza mbele ya senta nzima: "Mwaka huu nakula ugali wangu. Tembo wakitaka, waje waombe."

Alikuwa mzaliwa wa Mugumu. Baba yake, mzee Shaaban, alitoka Tanga akiwa kijana na sanduku la vifaa, akaja kutengeneza majiko ya mafuta na taa za karabai, akaoa, akabaki. Hakuwa na mtoto wa kiume mkubwa, basi Arafa ndiye aliyekaa naye barazani, akafundishwa kusogeza mdomo uliolowa karibu na maungio ya jiko hadi asikie ubaridi wa hewa inayovuja. "Hewa haijui kusema uongo," mzee alikuwa akimwambia. "Inapotokea ndipo penye ugonjwa." Arafa aliolewa Issenye, mume akafariki mtoto wao Samira akiwa bado mgongoni, na wakwe wakamwachia lile shamba la mpakani ambalo hakuna ndugu aliyelitaka. Akalichukua. Akafungua na kibanda cha ufundi, maana alijua mazao ya mpakani yana wenyewe wengi.

Siku moja asubuhi mzee Wangwe aliingia kibandani ameikumbatia bunduki ndani ya shuka. Wangwe ndiye mkuu wa walinzi wa mashamba, Mkurya mrefu aliyehamia Issenye zamani na ng'ombe wake, na tangu mradi wa tembo ulipoikabidhi bunduki kijijini hapakuwa na kidole kingine kilichogusa triga ile.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama Samira. Hii kitu inatema mate."

"Inatema mate namna gani?"

"Mimi navuta, yenyewe badala ya kupiga inatoa uji. Nimeipaka samli huko ndani, na bado."

"Samli?"

"Ya ng'ombe. Safi kabisa. Mke wangu ametengeneza mwenyewe."

Arafa aliweka spana chini. "Mzee, hii ni bunduki au mtoto mchanga?"

Wangwe hakucheka. Nyumbani kwake mkuki, upinde na kigoda cha baba yake vyote hupakwa samli, na havijawahi kumwangusha. Kitu cha thamani kikipauka unakipaka. Kwa nini hiki kikatae?

Arafa alitoa hewa yote kwanza, akaondoa kibuyu, akahakikisha hakuna kidonge kilichobaki ndani, ndipo akafungua. Hapo hakukosea. Ndani alikuta samli, pilipili na vumbi vimeshikana kama makoko ya sufuria. Akapanga vipande juu ya gunia kwa mpangilio, mtutu, nyundo, springi, valvu na zile pete za raba ambazo mafundi wanaziita oringi. Halafu akafanya lile ambalo fundi yeyote kutoka Sirari hadi Mugumu angelifanya. Alivitumbukiza vyote kwenye beseni la petroli.

Usimcheke. Huku kabureta inaogeshwa kwa petroli, mnyororo kwa petroli, na kama si harufu yake mafundi wengine wangeogea petroli wenyewe. Arafa aliacha vilowe, akaenda kuswali adhuhuri, akala, akarudi. Vilikuwa vinang'aa. Akaviunga, akafunga mtungi, akasikia: fsss. Hewa ilitoka penye maungio ya mtungi, ikatoka penye valvu, ikatoka mbele ya mtutu, na kabla hajageuza spana mtungi ulikuwa mtupu. Alipofungua tena, oringi zilikuwa zimevimba na kulegea, mbili zimechanika. Petroli ilikuwa imezila.

Aliona aibu. Si ile ya kusingiziwa, maana hiyo ina dawa, unagomba inaisha. Ilikuwa ile ya kujua kwamba umeharibu kwa mkono wako huo huo unaojisifia. Jioni vijana wa bodaboda pale senta walikuwa wameshapata maneno: bunduki ilikuwa mgonjwa, Arafa kaizika. Angeweza kusema samli ndiyo iliyoharibu. Nani angembishia? Lakini Wangwe aliporudi kuulizia, alimkalisha kwenye kiti na kumwambia wazi.

"Mzee, samli yako iliichafua. Petroli yangu imeiua."

Wangwe aliuliza, "Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nitaifufua."

Kusema ni rahisi. Alijaribu raba za mabomba ya dawa, anazo kopo zima. Zilikaa vizuri, zikapendeza, na mtungi ulipofunguliwa tu raba moja ilirushwa hadi ukutani kama mbegu ya limau. Akajaribu nyingine, ikawa hivyo hivyo. Akampigia Anselm, afisa wanyamapori aliyehamishiwa wilayani kutoka Bukoba, mtu mpole na mwenye subira, kumwuliza kama kuna raba za akiba.

"Mama, kusema kweli mimi nimesomea wanyama. Bunduki nilifundishwa kupiga tu. Akiba nimeagiza, bado haijafika."

"Itafika lini?"

"Itafika," alisema Anselm, na wote wawili walijua maana yake.

Ndipo Arafa akameza kiburi na kumpigia mdogo wake Faridu kule Nyangoto. Nasema kumeza kiburi kwa sababu Arafa ndiye aliyemfundisha Faridu kushika bisibisi, na dada mkubwa hapendi kuuliza. Faridu anatengeneza kompresa na mashine za kuvunja mwamba za wachimbaji wadogo. Alisikiliza hadi mwisho, akacheka kwanza, halafu akasema, "Dada, bomba la dawa linasukumwa na mkono wa mtu. Hiyo yako ina hewa ya kung'oa jino. Unataka raba ngumu, kama hizi zetu za mashine. Njoo nazo hizo mbovu."

Alfajiri iliyofuata alipanda bodaboda hadi Mugumu, akachukua basi la Tarime, akashuka njiani na kuingia Nyangoto vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Karakana ya Faridu ina ubao mmoja mkubwa uliopigwa misumari, na kila msumari umening'inizwa oringi za saizi yake. Arafa alitoa zile zilizoharibika akaanza kuzilinganisha na zilizoko ukutani. Hakuna iliyolingana.

Faridu alimshika mkono. "Hizo zimevimba, dada. Usipime maiti, pima kaburi."

Arafa alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu mdogo wake azaliwe, alifanya alivyoambiwa. Akaitoa bunduki kwenye mkoba, akazungushia uzi ndani ya kila mfereji ambamo oringi hukaa, na wakapima uzi badala ya raba. Zikapatikana zote, nyeusi, ngumu, za kubonyeza kwa kucha zikakukatalia. Faridu akampa na kopo dogo la grisi nyeupe ya silikoni.

"Hii ndiyo samli yake. Kidogo tu. Na ukirudia petroli nitamwambia baba."

"Baba ameshazikwa."

"Nitaenda kumwambia huko huko."

Walicheka hadi wachimbaji waliokuwa nje wakachungulia. Arafa aliporudi Issenye hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja kibandani. Alifuta kila kipande kwa kitambaa cha maji, akakausha, akapaka grisi kwa ncha ya kidole, akavisha oringi moja moja bila kuzivuta sana. Kesho yake watu walikusanyika kujaza mtungi, kazi ambayo ni ya kijiji kizima kwa sababu pampu ya mradi ni ndefu, ya kusukumwa kwa mikono, na baada ya muda inakuwa nzito kama inasukuma jiwe. Vijana walibadilishana, wakavua mashati. Aliyewashinda wote ni Felista, jirani wa Arafa, ambaye shamba lake limepakana na la Arafa na ambaye kwa mwili wake angeweza kubeba pampu, mtungi na vijana wote pamoja.

Mtungi ulipojaa, Arafa alipaka povu la sabuni kwenye kila maungio kama anavyofanya kwenye tyubu ya baiskeli. Watu wakainama. Hakuna povu lililopumua. Akasogeza mdomo uliolowa, akasikiliza kwa ngozi. Kimya.

"Imepona!" Felista alipiga kigelegele, wakaitikia wengine, na Arafa akapita katikati ya senta na bunduki begani, kidevu juu, akiwasalimia vijana wa bodaboda mmoja mmoja kwa majina yao. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa anashangiliwa?

Walikwenda kiwanjani, wakasimamisha debe bovu, na Wangwe akachukua nafasi yake. Arafa akampa miwani ya kujikinga.

"Mimi nimechunga ng'ombe mbele ya simba," Wangwe alisema. "Hii ya nini?"

"Vaa, mzee."

"Mura, sogeeni nyuma!" akawaambia vijana, akiwaita hivyo kwa Kikurya, akaiacha miwani mkononi mwa Arafa, akavuta triga.

Mlio ulikuwa mzuri, mlio wa hewa yenye nguvu. Lakini kidonge hakikutoka. Kilipasukia ndani, na mafuta ya pilipili yakarudi juu kupitia njia ya kibuyu, yakamfika Wangwe usoni. Mzee alienda chini bila kuaga. Ikawa leteni maji, leteni maziwa, mshikeni mkono. Upepo ukawaletea waliobaki sehemu yao, na kiwanja kizima kikapiga chafya. Arafa alisimama pale machozi yakimtoka, na hakujua yapi ni ya pilipili na yapi ni yake.

Simu ikalia. Alikuwa Anselm. Katika kundi la tembo wa upande ule, jike mkubwa alikuwa amevishwa kola inayoonyesha kwenye simu ya afisa mahali alipo.

"Mama Samira, yule jike amevuka mto na familia yake. Wakienda mwendo huu, kesho jioni watakuwa shambani kwako."

"Kuna bunduki nyingine?"

"Iko ya kijiji kingine, na wao siku hizi wana tembo wao. Mimi nitakuja, lakini mikono mitupu."

Arafa alirudi kibandani, akakaa juu ya ndoo. Aliyaona mahindi yake yakienda. Aliyaona vizuri kabisa, mstari kwa mstari, na hasira ikampanda. Bunduki ilikuwa nzima. Alijua kuwa ni nzima. Alikuwa ameisikiliza kwa mdomo wake. Basi kama bunduki ni nzima, ni nini kinachoumwa?

Alichukua kidonge kimoja kutoka kwenye kibuyu, akakizungusha juu ya kiganja. Hakikuzunguka, kilichechemea. Akakinusa. Kilitakiwa kunuka pilipili, au kisinuke kitu. Kilinuka moshi.

Akaondoka mbio hadi kwa Wangwe. Mzee alikuwa amelala barazani, kitambaa kilicholowa maziwa kimemfunika macho.

"Pole mzee. Vidonge mnaviweka wapi?"

"Mahali pa heshima."

"Wapi, mzee?"

"Uchagani. Juu ya moto, pamoja na mbegu."

Na hapo jambo lote likafunguka. Siku ya kukabidhi bunduki, Anselm aliwaambia vidonge visipate unyevu, vitunzwe vizuri kama wanavyotunza mbegu. Ni maneno mazuri, kila mtu aliitikia kwa kichwa. Lakini mbegu huku hutunzwa juu ya mafiga, kwenye uchaga wa jikoni, moshi unapanda usiku na mchana na mdudu hasogei. Wangwe alitii neno kwa neno. Akavipandisha vidonge, ambavyo ngozi yake ni laini kama ya vidonge vya hospitali, vikae juu ya ugali, maharage na maji ya kuoga, akaagiza mke wake moto usizimike. Vikalainika, vikabonyea, vikagandana. Hivyo ndivyo bunduki ilivyoanza kutema uji, na samli na petroli zikafuata baadaye kama waganga waliochelewa.

Arafa alitaka kucheka, akashindwa. Hata mahindi aliyokuwa akiyalilia, mbegu yake ilikuwa imelala juu ya moto.

"Mbegu ina ganda, mzee. Hivi vina ngozi."

Wangwe alitoa kitambaa usoni. Macho yalikuwa mekundu, yamevimba, hayafunguki. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyeviua?"

"Wewe umeua vidonge, mimi nimeua raba. Tumetoka sare."

Mzee alikikunja kitambaa mkononi. Halafu akasema polepole, kama mtu anayeng'oa mwiba, "Vishusheni vyote. Angalieni kama kuna vilivyo hai."

Vilikuwa vingi, na vya ndani kabisa, mbali na moto, vilionekana vizuri. Lakini kuonekana si kuwa, na kwenye bunduki kimoja kibovu kinaharibu mtutu mzima. Arafa alianza kuvipima kimoja kimoja kwa macho, na Felista, aliyemfuata hadi pale, akamtazama kwa muda, akaguna.

"Wewe mwenzangu, maharage unachagua hivyo?"

Akaenda akaleta ungo. Akamwaga vidonge kiasi, akauinamisha kidogo, akautikisa kwa ule mkono ambao mwanamke huupata baada ya miaka ya kupeta. Vidonge vya mviringo viliteremka moja kwa moja hadi ukingoni. Vilivyobonyea vilichechemea, vikaenda upande, vikabaki nyuma. Arafa alipiga paja lake kwa furaha. Ukaitwa mkutano wa haraka wa wanawake wa mpakani, kila mmoja na ungo wake, na asubuhi yote ya siku iliyofuata ua wa Wangwe ulisikika kama siku ya kuandaa harusi. Vilivyopita kwenye ungo Arafa alivijaribu kwenye mtutu uliofunguliwa na kuoshwa kwa maji matupu. Kilichokwama kilitupwa. Kilichopita kwa pumzi ndogo tu kiliingia kwenye ndoo yenye kifuniko, kivulini. Ilipofika adhuhuri midomo yake ilikuwa inawaka pilipili, na vidonge vya kujaza kibuyu vilikuwa karibu kutimia.

Jioni, jua likiwa bado limesimama juu ya miti, walijipanga pembeni ya shamba la Arafa. Wanawake walikuwa na masufuria ya kupiga, vijana na tochi endapo giza lingewakuta, Anselm na simu yake. Wangwe alishikwa mkono kuletwa. Aliishika bunduki kwa muda, akaipapasa mtutu, halafu akaielekeza pale alipodhani Arafa amesimama.

"Chukua."

"Mzee, mimi ni fundi. Si mpigaji."

"Nani anajua inavyopumua kuliko wewe? Mimi macho sina. Shavu ninalo. Upepo unatoka nyuma yetu, ni mzuri. Subiri hadi wasimame. Usipige kichwa. Piga mbele yao, wakikataa piga bega."

Arafa alivaa miwani juu ya mtandio wake. Akatanua miguu, akaegemeza bunduki begani.

Tembo walitoka porini bila sauti, jambo ambalo hakuna anayelizoea. Jike mwenye kola alikuwa mbele, masikio wazi, nyuma yake wengine na ndama katikati. Alisimama karibu na mgunga wa mwisho, akainua mkonga na kuyanusa mahindi. Alikuwa akiyajua. Ndiye aliyeyala mwaka juzi na mwaka jana.

Arafa alivuta triga. Kidonge kilitoka safi, kikaanguka njiani, mbali na tembo. Mtu mmoja nyuma alisema "Mungu wangu." Arafa hakumsikia, kwa sababu alikuwa ameshajua. Alikuwa ameilegeza skrubu ya springi, ile inayopima nguvu ya pigo, wakati wa kuunga tena, asizipe raba mpya kazi nzito kabla hazijakaa. Akashusha mtutu, akachomoa ufunguo mdogo kwenye kamba shingoni, akaigeuza skrubu nusu mzunguko, akatulia, akaigeuza tena kidogo. Yule jike alipiga hatua moja. Hatua nyingine, na mguu ungekuwa ndani ya mstari wa kwanza.

Kidonge cha pili kilipasukia kwenye shina la mgunga, mbele ya uso wake. Cha tatu kilipiga bega. Wingu la pilipili likapanda, upepo wa Wangwe ukalichukua na kulipeleka pale pale lilipotakiwa. Jike alirudisha kichwa nyuma. Akapuliza kwa mkonga, akatikisa masikio, akapuliza tena kwa kishindo kama mtu aliyeonja chai akakuta ina chumvi.

"Ongeza," alisema Wangwe, uso wake kipofu umeelekea mbinguni.

Arafa aliongeza. Alikuwa anatembea sasa, anasonga mbele kando ya mahindi yake, na kila triga ilipovutwa bunduki iliitika, pa, pa, pa, bila kutema, bila kuvuja. Jike aligeuka. Familia nzima ikageuka naye, ndama akisukumwa katikati. Dume mmoja kijana alibaki nyuma akijifanya mjuba, akanyoosha mkonga kuelekea bua moja la mahindi, na Arafa akamchapa tako. Alikimbia mkia juu, akawapita hata wakubwa wake, na porini miti ikasikika ikivunjika kuelekea mtoni.

Anselm alitazama simu yake, akatazama pori, akatazama simu. "Wanaenda," alisema kwa sauti ndogo. Kisha akapiga kelele, afisa mzima, "Wanaenda!"

Wangwe aliuliza, "Mahindi?"

"Yamesimama, mzee," Arafa alijibu. "Yote yamesimama."

Vigelegele vilipasuka upande wote wa mpakani. Masufuria yakapigwa, mtu akaanza wimbo wa mavuno, na vijana wakamkimbilia Wangwe wambebe juu kama anavyobebwa mwindaji. Mzee akawasukuma kwa fimbo yake. "Mimi? Mimi nimefanya nini, mura? Mbebeni fundi!"

Vijana wakasita, lakini Felista hakusita. Alimnyanyua Arafa kama mtungi wa maji, wanawake wengine wakamshika miguu, wakampandisha mabegani na bunduki yake mkononi, wakaanza kuzunguka wakiimba, wakaingia kwenye mahindi moja kwa moja.

"Mnakanyaga!" Arafa alipiga kelele kutoka juu. "Felista! Mnakanyaga mahindi yangu!"

Hakuna aliyemsikia. Mabua yalilala chini ya miguu yao, kwa-kwa-kwa, mstari wa kwanza, sasa wa pili, mistari ambayo tembo walikuwa wameinusa tu. Arafa alimpiga Felista begani, akavuta kanga yake, akatukana kwa Kiswahili na kwa kila lugha aliyoijua ya pale. Halafu alitazama mbele, kutoka kule juu ambako hajawahi kulitazamia shamba lake, akaona lilivyoshuka hadi karibu na nyumba, limejaa, limenyooka, jua la mwisho likiwa juu yake. Kicheko kikamtoka pamoja na machozi.

"Basi kanyageni!" alipaza sauti. "Hiyo mistari nimewapa! Bado kuna shamba zima!"